Miamba ya Ndege: Kamera Kwenye Pwani ya Ukungu

Mwaka 1849 San Francisco ilikuwa na dhahabu, lakini haikuwa na mayai. Watu walimiminika kutoka kila pembe ya dunia kwenda kusaka utajiri kwenye mito ya California, na mahali palipokuwa kijiji juzi tu pakageuka mji wenye maelfu ya watu wa kulishwa na kuku wa kuhesabu. Zaidi ya kilomita 40 baharini, magharibi ya mlango wa ghuba, viko visiwa vya mawe matupu viitwavyo Farallon. Huko mayai yalikuwa yametapakaa juu ya miamba, na hakuna aliyesema ni yake. Mtu mmoja na shemeji yake walivuka kwa mashua, wakajaza mzigo, wakapoteza karibu nusu kwa mawimbi wakati wa kurudi, na bado waliuza yaliyobaki kwa faida nono. Habari zikasambaa bandarini. Biashara ya mayai ya Farallon ikaanza.

Mtagaji alikuwa ndege aitwaye mure. Ana mgongo mweusi na kifua cheupe, husimama wima, na hana habari ya kujenga kiota. Hutaga yai moja tu, juu ya jiwe tupu, bega kwa bega na maelfu ya wenzake. Yai lenyewe ni karibu mara mbili ya la kuku, limechongoka upande mmoja, na rangi yake hubadilika toka kwa mama mmoja hadi mwingine: la huyu ni la samawati lenye madoa meusi, la yule ni jeupe lenye michirizi ya kahawia. Inaaminika kwamba tofauti hizo ndizo zinazomsaidia mama kulitambua yai lake katika msongamano ule. Kwa wapishi wa San Francisco yalikuwa mayai tu, dola moja kwa dazeni.

Wakusanyaji walivaa fulana pana zilizofungwa kiunoni, wakayatumbukiza mayai kifuani mpaka wakavimba kama magunia. Njia yao ya kazi inaumiza kuisimulia. Siku ya kwanza ya msimu walipita wakivunja kila yai lililokuwapo, ili ndege watage upya, na kesho yake waokote mayai ambayo bila shaka yalikuwa ya siku hiyo. Kampuni ikaundwa, ikadai visiwa ni vyake. Wapinzani wakaja na bunduki. Juni 1863, wakati Wamarekani wa upande wa mashariki wakiuana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wawili waliuawa Farallon katika mapigano ya kugombea mayai ya ndege. Serikali iliifukuza kampuni hiyo visiwani mwaka 1881, lakini uokotaji uliendelea kwa kificho na kwa ruhusa nusunusu hadi miaka ya 1890, pale wafugaji wa mji wa Petaluma, waliokwisha kutengeneza mashine ya kutotoleshea vifaranga, walipojaza masoko mayai ya kuku. Kufikia hapo mure waliokuwa mamia ya maelfu walikuwa wamebaki sehemu ndogo tu.

Katika miaka hiyohiyo, pwani hiyohiyo, kamera nayo ilikuwa inashuka kwenye mashua. Historia ya upigaji picha wa pwani ya Pasifiki ya Marekani husimuliwa zaidi kama historia ya sanaa: majina makubwa, picha zinazouzwa kwa fedha nyingi, majumba ya makumbusho. Lakini ipo historia nyingine ndani yake, yenye uzito zaidi kwa viumbe wa pwani ile. Ni ya namna picha ilivyoanza kama kitu cha kuuzia nchi, kisha mikononi mwa vijana wawili ikageuka ushahidi wa kuwatetea wanyama wasioweza kujitetea.

Kwanza, huo ukungu. Wakazi wa Mombasa, Tanga au Kilwa hawaujui sana ukungu wa baharini, kwa kuwa bahari yao ina joto. Pwani ya California na Oregon ni kinyume. Mkondo wa bahari unashuka kutoka kaskazini ukiwa baridi, na kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi upepo wa kaskazini-magharibi husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu. Pengo hilo hujazwa na maji yanayopanda kutoka vilindini, na hayo ni baridi zaidi. Hewa yenye unyevu inayotoka katikati ya Pasifiki ikipita juu ya maji hayo, mvuke wake hugeuka kuwa matone madogo mno, na huo ndio ukungu. Mabonde ya bara yakipata joto mchana, huivuta hewa hiyo ndani kupitia kila uwazi wa milima.

Maji yaleyale yanayopanda hubeba virutubisho vya vilindini. Virutubisho hulisha mimea midogo ya majini, mimea hulisha uduvi, uduvi hulisha samaki, samaki hulisha ndege na simba-bahari. Kwa hiyo ukungu na ndege vina asili moja, na kwa mpiga picha jambo hili lina uchungu wake: ndege wa baharini hukaa juu ya miamba ile hasa kwa ajili ya kuzaa, na msimu wao wa kuzaa ndio msimu wa ukungu mzito. Anayetaka kuwapiga picha hana budi kwenda wakati mwanga ni mbaya kuliko wakati wowote.

Wapiga picha wa kwanza hawakuwafuata ndege. Carleton Watkins, mzaliwa wa Oneonta katika jimbo la New York mwaka 1829, alikuwa amejitengenezea kamera kubwa ajabu, inayopokea vioo vya karibu sentimita 46 kwa 56. Kwa kamera hiyo alipiga bonde la Yosemite mwaka 1861, na picha zake zilisaidia kulishawishi Bunge la Marekani kulilinda bonde hilo mwaka 1864. Mwaka 1863 alikwenda pwani ya Mendocino, kaskazini ya San Francisco, kuwapigia picha wenye viwanda vya mbao: mitambo ya kupasua magogo, magati, na midomo ya mito ambamo miti ya redwood ilishushwa melini. Ni picha nzuri mno, na zilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakikata msitu.

Mwishoni mwa muongo huo akavuka hadi Farallon na sanduku lake. Kazi yenyewe inastahili kuelezwa hatua kwa hatua, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa kwa nini picha za zama zile zinaonekana zinavyoonekana. Kioo kilimwagiwa dawa nzito inayonata iitwayo kolodioni, kikazamishwa gizani ndani ya maji ya fedha-naitreti, kikatiwa kwenye kamera kingali kimelowa, kikapigwa picha, kikasafishwa kabla dawa haijakauka. Dakika zilikuwa chache. Kwa hiyo chumba cha giza kilitembea na mpiga picha: hema jeusi, chupa za dawa, maji safi, na vioo vizito, vyote kwenye mashua, vyote juu ya jiwe lililojaa kinyesi cha ndege, upepo ukivuta.

Dawa ile ilikuwa na udhaifu wa aina mbili. Iliona rangi ya bluu kupita kiasi, hivyo anga safi ilitokea nyeupe tupu kama ya siku ya mawingu. Tena ilikuwa nzito kuupokea mwanga; kamera ilibidi iachwe wazi kwa sekunde kadhaa au zaidi, na ndani ya sekunde hizo wimbi hupanda na kushuka mara kwa mara. Katika picha mashuhuri ya Watkins ya vilele vya mawe vya Farallon, bahari inaonekana laini kama moshi uliotandazwa chini ya miamba. Mtazamaji wa leo hudhani ni ukungu. Ni mawimbi, yaliyochanganywa pamoja na muda. Na ndege, ambao hawakutulia hata kidogo, wakawa madoa au hawakuonekana kabisa. Pwani iliyokuwa na viumbe wengi kiasi hicho ilitoka kwenye kioo ikiwa imehamwa.

Eadweard Muybridge naye alifika Farallon mwaka 1871, Bodi ya Minara ya Taa ilipompa kazi ya kupiga picha za minara ya pwani ya Pasifiki. Alisafiri kwa Shubrick, meli iliyopeleka mahitaji kwa watunza taa. Visiwani alikuta kumbukumbu ya vita vya wanadamu na ukungu: mwaka 1859 wahandisi walijenga bomba la matofali juu ya tundu la asili ambamo mawimbi husukuma hewa kwa nguvu, wakaweka firimbi juu yake, ili bahari yenyewe iwapigie mabaharia onyo. Lilikuwa wazo la akili sana, isipokuwa bahari ikitulia firimbi hunyamaza, na ukungu mzito hupenda bahari tulivu. Muybridge ndiye yule ambaye mwaka 1878, huko Palo Alto, alimpiga farasi akikimbia kwa kamera zilizopangwa mstari na kuthibitisha kwamba kuna nukta miguu yote minne huwa hewani. Kati ya safari ya Farallon na farasi yule kuna miaka saba tu, lakini ndani yake upigaji picha ulikuwa unaanza kuwahi mwendo wa mnyama.

Kilichofungua mlango kwa watu wa kawaida ni kioo kikavu. Kufikia miaka ya 1880 mtu aliweza kununua dukani sanduku la vioo vilivyokwisha kupakwa dawa ya jelatini, akavibeba safarini, akavisafisha nyumbani akirudi. Dawa mpya ilikuwa nyepesi kupokea mwanga kiasi cha kunasa mnyama hai kwa sehemu ya sekunde. Huko Uingereza ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walipiga kiota chenye mayai mwaka 1892, kisha wakaenda visiwa vya ndege vya Scotland, wakateremka majabali kwa kamba. Mwaka 1900 walifikia hatua ya kumtengeneza ng'ombe wa ngozi iliyojazwa, mpiga picha akaingia tumboni na kamera ili ndege wasishtuke.

Oregon nayo ilikuwa na wawili wake. William Finley, aliyezaliwa Santa Clara, California, mwaka 1876, alihamia Portland na wazazi wake akiwa mtoto. Herman Bohlman, aliyemzidi miaka michache, alikuwa jirani, na kwa kazi alikuwa fundi bomba. Ujanani walifanya walichofanya vijana wengi wapenda ndege wa wakati ule: walipiga ndege kwa bunduki, wakakausha ngozi, wakatoboa mayai na kuyapanga kwenye droo. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaiweka bunduki chini wakashika kamera. Jambo hili si dogo. Elimu ya ndege ya enzi ile ilijengwa juu ya mizoga, na mtu aliyeleta picha badala ya ngozi alionekana amerudi mikono mitupu.

Macho yao yakaangukia Three Arch Rocks. Ni miamba mikubwa mitatu, na midogo kadhaa pembeni, karibu mita 800 nje ya kijiji ambacho leo kinaitwa Oceanside, wilaya ya Tillamook. Kila mmoja wa ile mikubwa umetobolewa na bahari tundu kubwa kama lango. Juu yake mure walikaa kwa maelfu yasiyohesabika. Kwenye udongo mchache wa kileleni pafini wenye mashada ya manyoya ya njano kichwani walichimba mashimo yao. Minandi walijenga ukingoni, shakwe wakazunguka wakivizia mayai, na chini, kwenye miamba inayoloweshwa na mawimbi, simba-bahari walizaa na kunguruma.

Vijana hao walifika mwaka 1901. Kutoka Portland hadi pale ilikuwa safari ya kuvuka milima ya pwani kwa njia mbovu za magari ya farasi, kisha kusubiri. Mita 800 ni mwendo mfupi ukiutazama kutoka ufukweni, lakini mawimbi ya Pasifiki hayana kizuizi chochote toka Asia, na mashua ya makasia yenye vioo ndani haina msamaha. Bahari iliwakatalia siku baada ya siku. Kupanda kwenyewe hakukuwa kwa kushuka gatini: mashua hukaribishwa mpaka chini ya jabali, mtu hungoja wimbi limwinue, akaruka kwa wakati wake, akashikilia konokono na mwani, na mwenzake akaanza kurusha vitu. Kosa la kipimo cha nusu sekunde humpeleka mtu kati ya mbao na jiwe.

Mwaka 1903 walirudi. Finley alikuwa amemaliza masomo Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka huohuo. Safari hii hawakutaka kwenda na kurudi. Walipanda na chakula, maji, kuni na mablanketi, wakapiga kambi juu ya ukingo mwembamba wa mwamba. Kulala pale maana yake ni kulala katikati ya kelele isiyokoma usiku na mchana, harufu ya samaki na kinyesi ikipenya kwenye chakula, ndege wakipita juu ya blanketi. Ukungu ulishuka ukazimeza picha za asubuhi nzima. Kisha ukapasuka kwa muda, na kazi ikafanywa: kamera ya mbao juu ya miguu mitatu, kitambaa cheusi kichwani, mmoja akimshika mwenzake au kamba ili asirudi nyuma hatua moja zaidi.

Picha walizorudi nazo bado zinasimamisha mtu. Haziko mbali kama za Watkins. Mure wamejaa fremu toka ukingo hadi ukingo, kila mmoja amegeuzia mgongo bahari, yai limebanwa juu ya nyayo. Pafini anatazama kamera kutoka mlangoni pa shimo lake. Mnandi anamlisha kinda ambaye kichwa chake kimezama chote kooni mwa mzazi. Kwa mara ya kwanza watu wa Portland, ambao wengi wao hawakuwahi kufika karibu na miamba ile, waliwaona majirani zao wa baharini wakiwa hai na wakiwa na shughuli zao.

Na vijana wale hawakuona viumbe tu. Waliona pia mauaji. Simba-bahari walipigwa risasi kwa ajili ya ngozi na mafuta. Siku za Jumapili meli ndogo za kuvuta zilikodishwa na watu wa starehe, zikazunguka miamba, na abiria wakafyatua bunduki kwenye kundi kwa kushindana shabaha. Hakuna aliyeokota kitu. Ndege waliokufa walianguka baharini, na makinda ambao wazazi wao hawakurudi walikufa kwa njaa ukingoni. Kuna tofauti kati ya uokotaji wa mayai wa Farallon, ambao angalau ulilisha mtu, na huu wa Jumapili, na tofauti hiyo ndiyo iliyowakasirisha Finley na Bohlman hata kazi yao ikabadilika.

Finley alikuwa na kipaji cha pili, nacho ni ulimi. Picha za vioo zilitengenezwa upya kuwa vioo vidogo vya kuonyeshea ukutani kwa taa, vingine vikatiwa rangi kwa mkono, na akaanza kuzunguka nazo kumbi na shule, kisha miji ya mashariki, akihutubia kwa niaba ya vyama vya Audubon vya kutetea ndege. Akafika Washington kwa Rais Theodore Roosevelt. Rais huyu alikuwa mpenzi wa ndege tangu utotoni, na mwaka 1903 alikwisha kukitangaza kisiwa cha Pelican huko Florida kuwa hifadhi ya ndege, ya kwanza ya serikali kuu. Picha za Oregon zilimwingia. Tarehe 14 Oktoba 1907 Three Arch Rocks ilitangazwa hifadhi, ya kwanza kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani. Mwaka uliofuata zikafuata hifadhi za ziwa Klamath na ziwa Malheur, ambako pia vijana wale walikuwa wamepeleka kamera yao na kukuta ndege wakichinjwa ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake mijini.

Tarehe 27 Februari 1909, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Roosevelt aliitia saini amri ya kulinda sehemu ya visiwa vya Farallon. Aprili 21 mwaka huohuo alishuka Mombasa.

Historia haimpangi mtu kwenye kabati moja. Wapagazi wa Kiswahili waliomtumikia nchini Kenya walimwita Bwana Mkubwa, na katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe, wengi wakipelekwa makumbusho ya Washington. Kermit alikuwa pia mmoja wa wapiga picha wa msafara. Cherry Kearton, yule wa ng'ombe wa ngozi, alikuwa Kenya wakati huo na akamnasa Roosevelt kwenye filamu. Na kabla yao wote, mnamo 1903 na 1904, wakati Finley na Bohlman wakilala juu ya mwamba wao, Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa nyika za Kilimanjaro akiwapiga picha simba na pundamilia usiku kwa mlipuko wa unga wa magnesi, vifaa vyake vikibebwa vichwani na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa chini ya picha. Kitabu chake kilivuma Ulaya, na Schillings mwenyewe, aliyekuwa mwindaji hodari, akaishia kuwa mtetezi wa wanyamapori. Miaka hiyohiyo, katika pande mbili za dunia, watu waliozoea bunduki waligundua kwamba picha inaweza kumpatia mtu heshima ileile bila mzoga. Si wote walioiacha bunduki. Wengi walibeba vyote viwili.

Bohlman aliacha safari ndefu baada ya Malheur mwaka 1908. Alirudi kwenye familia na kazi yake, na baadaye akawa mchoraji. Finley aliendelea pamoja na mkewe Irene, aliyeandika na kupiga picha naye bega kwa bega, wakahamia kwenye filamu. Mwaka 1911 akawa msimamizi wa wanyamapori wa jimbo la Oregon. Jina lake likabaki kwenye mmoja wa miamba ile mitatu. La Bohlman halikubaki, na hilo ni kasoro, kwa sababu nyingi kati ya picha bora za miamba ni za macho na mikono ya wote wawili, na mtu aliyejua kubana, kufunga na kubeba vitu vizito alikuwa fundi bomba.

Watkins hakuwa na bahati. Alikwisha kupoteza vioo vyake vya mwanzo kwa wadai katika miaka ya 1870, akaanza upya, na Aprili 1906 tetemeko na moto wa San Francisco vikateketeza studio yake na karibu kila alichokuwa nacho. Wakati huo alikuwa karibu kipofu. Alifariki mwaka 1916 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Napa.

Sanaa ilichukua njia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapiga picha wa California walipenda ukungu kwa sababu ulilainisha kila kitu na kuifanya picha ifanane na mchoro. Wengine walilainisha hata mahali pasipo na ukungu, kwa lenzi maalumu. Mwaka 1932 Edward Weston, Ansel Adams, Imogen Cunningham na wenzao waliupinga mtindo huo, wakajiita Kundi la f/64 kwa jina la tundu dogo kabisa la lenzi, linalotoa picha kali toka mbele hadi nyuma. Weston alikuwa amehamia Carmel mwaka 1929 na kuifanya rasi ya Point Lobos darasa lake: mizizi ya misonobari, mwani, bawa la mwari aliyekufa. Alifanya kazi pale hadi mwaka 1948, ugonjwa wa Parkinson ulipomzuia. Katika picha zake jiwe na mwani vina uhai wa ajabu. Wanyama hai ni wachache, na inafaa kukumbuka kwamba walikuwa wachache kweli: fisi-maji wa baharini, waliowindwa kwa manyoya yao toka karne ya 18, walidhaniwa wametoweka kabisa California, mpaka mwaka 1938, mwaka mmoja baada ya barabara ya Big Sur kufunguliwa, kundi la kama hamsini lilipoonekana likielea kwenye mwani karibu na mdomo wa kijito cha Bixby. Wachache wa pwani ile walikuwa wakijua na wakanyamaza, wakihofia wenye bunduki.

Mure nao hawakupona mara moja. Nyavu za kutega, mafuta ya meli na mabadiliko ya bahari viliwapunguza tena na tena. Mwaka 1986 mafuta yaliyovuja kutoka tishari la mizigo liitwalo Apex Houston yalimaliza kabisa kundi la mwamba wa Devil's Slide, kusini ya San Francisco. Miaka kumi baadaye wanasayansi walipanda pale na sanamu za mure zilizopakwa rangi, vioo vya kujitazamia na vipaza sauti vyenye kelele za kundi lililo hai. Ndege walishuka, wakazunguka sanamu, na msimu huohuo majozi machache wakataga.

Kamera bado ina kazi kwenye miamba hii, ingawa ni kazi ambayo haitundikwi ukutani. Kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi ndege ndogo ya wataalamu hupita juu ya makundi ya Oregon na California, ikipiga picha kutoka angani, na baadaye mtu huketi mezani akihesabu mure nukta kwa nukta. Ratiba ya safari hizo inategemea ukungu: rubani husubiri uinuke, kama Finley alivyosubiri. Picha hizo ndizo zilizoonyesha tatizo lisilotarajiwa. Tai wenye kichwa cheupe, walioangamizwa na dawa ya DDT hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1972, wamerudi kwa wingi pwani ya Oregon. Tai mmoja akitua kwenye mwamba, maelfu ya mure huruka kwa pamoja, na shakwe na kunguru huingia kula mayai yaliyoachwa. Kwenye Three Arch Rocks sehemu zilizojaa ndege katika picha za 1903 sasa zina misimu inayopita bila kinda. Wasimamizi wa hifadhi wamejikuta na viumbe wawili waliowaokoa, mmoja akimla mwenzake, na hakuna amri ya rais inayoweza kuamua kati yao.

Mpiga picha anayetaka kuiona miamba leo huenda ufukwe wa Oceanside asubuhi, akasimamisha lenzi ndefu mchangani na kungoja. Toka Mei mosi hadi Septemba 15 hakuna chombo kinachoruhusiwa kusogea ndani ya mita kama 150 kutoka kwenye miamba, na kupanda juu yake ni kosa mwaka mzima. Picha za vijana wale wawili ndizo zilizoleta sheria hiyo, na kwa sheria hiyo hakuna mtu atakayezipiga tena kwa namna ileile. Ukungu ukiinuka kabla ya upepo wa mchana kuanza, mwenye subira hupata nafasi yake: mstari wa pafini ukirudi na samaki wamepangwa mdomoni, na kelele ya simba-bahari ikifika hadi ufukweni.